Mwaka Niliowasemea Watu wa Katuni

Mama Adela amekufa. Habari aliniletea Adela mwenyewe kwa simu kutoka Newala, asubuhi, nikiwa dukani namkatia mteja wavu wa kuku. Zaidi ya miaka thelathini sikuwa nimeisikia sauti ile, na niliijua kabla hajataja jina. Namba yangu aliipata kwa fundi mmoja wa kwao aliyewahi kunijengea. Akasema, "Eli, mama ametutoka. Tumemzika jana. Nimeona nikwambie mwenyewe." Nikasema pole sana. Akasema tumeshapoa. Hakuna aliyekata simu mpaka yule mteja akaanza kukohoa kwa makusudi. Siku ile nilimkatia wavu pungufu. Alirudi kesho yake kulalamika, na haki alikuwa nayo.

Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nalisema bila haya, maana duka ni langu, nyumba ya wageni kule karibu na stendi ni yangu, na hakuna aliyenishika mkono kunifikisha hapa. Nilishuka Same kutoka Chome, kule mlimani, na gunia la tangawizi, na habari za ukoo wangu walio nazo wanazo, sina haja ya kuziandika. Ninataka kuandika mwaka mmoja tu, mmoja wa ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungua biashara, nilipokuwa kijana mwenye deki ya video na mdomo mkubwa kuliko akili. Nisingeuandika kama si mjukuu wangu Neema, anayesoma sekondari huko Dar es Salaam, aliyekuwa kwangu kwa likizo wiki ileile ya msiba. Aliniona nimenuna siku ya tatu, akanikalisha sebuleni, akaniwekea katuni za kale. "Babu, hizi za enzi zenu, zitakuchangamsha." Kabla ya picha yakatokea maandishi meupe kwenye weusi. Nikadhani ni jina. Nikamwambia anisomee.

"Wanasema humu mna watu waliochorwa kwa dharau, kwa sababu ya rangi yao na asili yao," Neema akasema. "Wanataka mtu aangalie akiwa anajua hivyo."

"Wamechelewa."

"Bora wamesema, babu."

"Wamemwambia nani?"

"Si wewe hapo, nimekusomea!" Akacheka. Halafu picha ikaanza, na mimi nikaweka chai chini. Haikuwa ile niliyokuwa nayo mimi, lakini ilikuwa ndugu yake wa tumbo moja: Mzungu mwindaji mwenye kofia, watu weusi tii wenye midomo kama maandazi mawili, mfupa puani, chungu kikubwa juu ya moto. Neema alikunja uso. Akasema, "Na ninyi mliangalia hivi mkacheka?" Nikamwambia tulicheka mpaka watu wakadondoka kwenye mabenchi. Sikumwambia lililobaki. Lililobaki ndilo hili.

Banda langu lilikuwa nyuma ya soko, mabati juu, kuta za magunia ya mkonge niliyoshona mwenyewe, mabenchi ya mbao za kukopa ambazo ziliacha vibanzi kwenye suruali za watu. Deki ilitoka Taveta, ng'ambo ya mpaka, kwa njia ambayo tusiichimbe. Jenereta niliiweka nje, na hata ikiwa nje ilibidi nipaze sauti, maana kazi yangu hasa ilikuwa sauti. Siku hizi vijana wanatafsiri filamu kwa mashine. Mimi nilisimama pembeni ya televisheni na fimbo, nikasema wanachosema watu wa kwenye kioo. Kiingereza sikujua hata neno moja. Nilibuni. Kanda za mapigano zilikuwa chache na zinakwaruza, lakini kulikuwa na kanda moja ya katuni isiyokwisha utamu. Mama mjamzito alikuja, mzee wa kanisa alikuja, wakata mkonge walikuja Jumapili mchana wamevaa mashati ya pasi. Panya na paka niliwapa ugomvi wa mke na mume wa Lembeni ambao kila mtu aliwajua. Sungura nilimpa sauti ya karani wa ushirika. Watu walikuwa wanasubiri kusikia safari hii nani kaingizwa kwenye kioo, na aliyeingizwa alitoka kifua mbele, akisema, "Mmenisikia?"

Chakula nilikula kwa Mama Adela. Alikaa kambini kwenye shamba la mkonge, nyumba za mstari zenye chumba kimoja kimoja na ukumbi mbele, watu wa kila kabila ukuta kwa ukuta. Mumewe alikuwa amefia kazini, kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge ambayo ilikuwa na jina hilo kabla ugonjwa haujazaliwa. Yeye na binti yake Adela walibaki, Adela akichambua nyuzi kiwandani, mama akipika vyakula vya kuuza mlangoni. Alikuwa Mmakonde wa zamani kamili. Usoni alikuwa na nembo, zile chale zilizochorwa kwa mistari kama mkeka, na mdomo wa juu ulitobolewa akavaa ndonya, kijiti cheusi cha mpingo mviringo kama sarafu. Mara ya kwanza nilipomwona sikujua niangalie wapi. Akanisaidia. "Angalia, baba, angalia ushibe," akasema, "halafu ukishashiba macho, ule." Watu wa mjini hawakununua kwake kwa sababu walisema anatia panya kwenye mboga. Mimi nilikula kisamvu chake cha karanga na ugali wa muhogo, na hadi leo, nikiwa na wake wa watoto wangu wanaojua kupika, sijakula tena kitu cha namna ile. Tulikula sinia moja, watatu, magoti yakigusana, na ukimega tonge kubwa unapigwa mkono.

Chumba kile ninakiona kuliko ninavyoiona nyumba hii niliyojenga kwa tofali za kuchoma. Kitanda cha kamba kilichoinuliwa kwa matofali ili chini yake zikae sufuria. Rozari kwenye msumari. Kalenda ya miaka miwili nyuma, kwa sababu picha yake ya bahari Adela aliipenda. Upande wa pili wa ukuta alikuwa anakaa Mfipa na mkewe, na kila walichogombana tulikisikia, na Mama Adela alikuwa anawajibu kupitia ukuta: "Mwache mwenzio alale, ameshasema alikunywa tone moja tu!" Na wao wanacheka, ugomvi umekwisha. Mimi alinipata kwa Upare wangu. "Ninyi Wapare, kuku wa jirani akikanyaga uwanja wako, unauza ng'ombe ufungue kesi ya kuku." Namjibu, "Afadhali sisi, ninyi mkikosana mnahama mkoa." Anapiga kofi paja lake, "Umenipata! Adela, mwongezee mboga huyu, amenipata." Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yangu ya mwaka ule. Na furaha nyingine ni kwamba Adela, akiniongezea, hakumwongezea mtu mwingine vile. Tulishaelewana. Mama alijua. Alishasema nikivuna tangawizi ya mwisho kule Chome nilete wazee wangu, lakini wasije na madaftari ya kesi.

Sasa nieleze utani, maana anayesoma huenda amezaliwa mjini. Kabila lina watani wake. Mtani anakutukana msibani mbele ya jeneza na wewe unacheka. Ukinuna, mkosaji ni wewe. Wamakonde na Wapare hawana utani wa mababu, lakini kambini watu walijitengenezea wa kwao, kwa sababu mtu wa Songea na mtu wa Kigoma wakilala ukuta mmoja lazima wapate namna ya kutukanana bila kushikana. Na utani una sharti moja ambalo nilifundishwa tangu nina meno ya utoto: neno la utani mtupie mtani usoni. Ukimsema akiwa hayupo, huo si utani tena, ni kusengenya.

Kwenye ile kanda palikuwa na picha ya watu weusi na chungu. Wiki za kwanza niliwasemea kilugha cha kubuni, ngurungu-ngurungu, watu wakacheka kidogo. Halafu siku moja akatokea yule bibi wa kwenye chungu, mwenye mdomo umetokeza mbele kama sahani, anakoroga, na mimi bila kufikiri nikamtia sauti ya Mama Adela. Ule uvutaji wake wa maneno, ule mdomo unavyogonga kijiti. "Angaliaaa, baba, angalia ushibe!" Banda likapasuka. Watu walisimama juu ya mabenchi. Tangu siku hiyo hawakutaka tena paka wala sungura. "Bibi wa chungu! Fundi, tuletee bibi wa chungu!" Nikawa narudisha kanda nyuma, naongeza maneno: bibi anauliza panya wako wapi, bibi anamwambia Mzungu wewe ni mboga ya Jumapili. Nilikuwa namaliza pale, nafunga jenereta, naosha uso, naenda kula kwake. Na tonge lilishuka vizuri tu. Mimi niliona namtania kama ninavyomtania nyumbani.

Hili nimelifikiria sana siku hizi, baada ya lile tangazo la maandishi meupe. Katuni ile aliichora Mzungu, sikatai, na ubaya wake ni wake. Lakini mle bandani tulikuwa watu weusi themanini tunaangalia watu weusi wenye mifupa puani, na hakuna hata mmoja aliyejiona. Mpare aliona Mmakonde. Mchaga aliona Mpare. Mkata mkonge aliona Mmasai anayepita nje na mkuki. Kila mtu alimwona jirani yake, akacheka kwa amani kabisa. Wale waliochora walikuwa hawatujui hata kwa jina. Sauti niliitia mimi, niliyejua jina.

Jumapili moja Adela akaninong'oneza sokoni: "Leo mama anakuja. Amesema kila siku anasikia sifa za banda la mwanawe, aone mwenyewe." Alikuja na khanga mpya, amefunga kilemba, kijiti amekipaka mafuta kinang'aa. Nilimweka benchi la mbele kama mke wa diwani. Adela akakaa nyuma na wenzake wa kiwandani. Nikaanza na paka. Mama Adela alicheka yule, alicheka mpaka akajifuta machozi, akawa anawageukia watu, "Mwanangu huyo! Mwanangu!" Na mimi moyo ukawa mkubwa. Halafu nyuma wakaanza. "Bibi wa chungu!" Benchi likapigwa kwa viganja. "Bibi wa chungu!"

Nilikuwa na nafasi ya kuruka ile picha. Deki ilikuwa mkononi mwangu. Na ninasema kweli, hili si la kujitetea: niliwaza. Niliwaza kwamba nikiiruka leo kwa sababu yuko hapa, basi siku zote zile nilikuwa namsengenya. Nikiisema mbele yake, ni utani, na yeye atanijibu jibu la kunimaliza, na watu watamjua mama huyu ana ulimi kiasi gani. Yaani niliona kwamba kusema ndiyo heshima. Nikasema. Na sikusema kama siku zote, nilizidisha, kwa sababu mtani hapunguziwi. Nilivuta mdomo wangu kwa vidole. Nikasema lile la panya. Nikasema, "Eli mwanangu, njoo ule, leo tumepika Mpare, ana kesi tele tumboni!"

Watu hawakuangalia kioo. Walimwangalia yeye, kisha kioo, kisha yeye. Mtoto mmoja akamwonyesha kidole. Nikasubiri jibu. Nilinyamaza kabisa nimpe nafasi, fimbo mkononi, jenereta inanguruma nje, nikimtazama kwa macho ya kusema haya sasa, nimalize. Mama Adela alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anaangalia yule bibi mwenye mdomo wa sahani anakoroga. Alikaa hadi kanda ikaisha. Akanyanyuka, akanishukuru, "Ahsante, baba, nimeona," akatoka polepole watu wakimpisha.

Kesho yake mchana nikaenda kambini. Nilikuta mkeka umetandikwa ukumbini, nje. Adela akaniletea maji ya kunawa na taulo begani. Kisha Mama Adela mwenyewe akaleta chakula kwenye sahani ya bati yenye maua, imefunikwa kwa kawa, na kijiko juu. Nyama ya kuku. Kwa miezi yote ile sikuwahi kula kuku pale, wala sikuwahi kupewa sahani yangu. "Karibu, mgeni," akasema. Mle ndani nikamsikia anakaa na Adela kwenye sinia.

"Mama, mbona nakula peke yangu?"

"Ndiyo heshima ya mgeni."

"Mama, ule ulikuwa utani. Nilisema mbele yako. Kwa nini hukunijibu?"

Alitoka akasimama mlangoni. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. "Ningekujibu wewe, baba. Ungekuwa wewe peke yako ningekumaliza pale pale. Lakini waliokuwa wanacheka sikuwa na utani nao. Wale siwajui, na yule bibi kwenye kioo simjui." Akagusa kijiti chake. "Hiki nilitiwa nikiwa msichana mdogo. Wanawake wanne walinishika, mama yangu akatoboa. Sikulia. Walinichezea ngoma siku tatu kwa sababu sikulia. Jana nimeangalia nikasema, kumbe ndivyo ninavyoonekana huku. Miaka yote nakaa hapa, nilikuwa sijui." Akarudi ndani.

Sisi Wapare jambo likituuma tunataka kikao. Nilipanda Chome nikawachukua baba zangu wadogo wawili, nikachukua mbuzi na dengelua, ile pombe yetu ya miwa, tukashuka kambini kuketi, nikiri, nitozwe faini, niilipe, yaishe. Sikujua namna nyingine ya kusamehewa na sikuamini kama ipo. Mama Adela aliwapokea wazee wangu kwa shikamoo ya unyenyekevu ingawa umri wao ulikuwa sawa na wake. Mzee mmoja akaanza, "Mama, tumekuja katika shauri la kijana wetu. Tunaomba utaje kosa."

"Sina shauri, baba."

"Kijana mwenyewe anakiri."

"Anakiri nini? Mimi sina kesi na mtoto wa watu. Kuleni, mmetembea mbali."

Mzee akanigeukia akaninong'oneza, na nusu ya kambi ikasikia, "Sasa faini tunamlipa nani kama hana kesi?" Mfipa wa ukuta wa pili akacheka peke yake akanyamaza. Wazee wakala, mimi nikabaki naviringisha tonge moja mbele ya sahani yangu. Mbuzi walirudi naye. Wazee wakatangulia barabarani wakiwa wameudhika, kwa sababu kwao mtu anayekataa kuwa mlalamikaji ni mtu asiyetaka undugu, na sijui kama walikosea.

Adela akanisindikiza hadi mwisho wa nyumba za mstari. Jua lilikuwa bado juu ya mlima. Nikamwambia kanda nitaichoma, deki nitauza, sitasema tena chochote mbele ya watu. Akatikisa kichwa. Nikamwambia mama atapoa, tumpe muda.

"Mama ameshapoa," akasema. "Siyo mama, Eli." Akawa anachuna nyuzi za mkonge zilizonasa kwenye khanga yake. "Mimi nilicheka."

"Wote walicheka."

"Mimi nilicheka, na niko nyuma, na mama anakijua kicheko changu. Ulivyoivuta ile 'angaliaaa,' nikacheka kabla sijajua nacheka. Niliona mgongo wake unanyooka. Sasa mimi nikiolewa na wewe, nitaishi na mtu ambaye kila nikimwangalia najisikia nacheka."

Akanipa mkono, kama watu wa ofisini wanavyopeana, akarudi. Mkataba wao ulipoisha, kabla ya mvua, wakaenda kwao Newala, na mimi nilijua baada ya wiki. Nimeoa, nimezaa, nimezika mke mwema, simlalamikii Mungu. Lakini nikiwa na njaa ya kweli, njaa ya mwisho wa siku, hadi leo miguu inataka kwenda kambini.

Siku ile ya mbuzi sikuondoka mara moja. Nilirudi nikasimama pembeni ya ukuta wa nyumba iliyotazamana na yao, kivulini, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Nikasikia sufuria zinakusanywa, maji yanamwagwa, na sauti ya Mama Adela ikiuliza, "Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Alikula akashiba?"

"Hakumaliza."

Sufuria moja ikawekwa chini. Kisha: "Mfungie kile cha sahani, umkimbilie. Njia ya mlimani ni ndefu."

"Mama, ameshafika mbali," Adela akasema, na alikuwa amesimama mlangoni, ananiona.